Asidi ya Glikoliki na Ngozi ya Uso



Tangu nianze kusomesha kemia hapa Nakivale, haziishi wiki mbili bila mwanafunzi kuniuliza habari za vichupa vya kusafishia uso vinavyouzwa madukani Mbarara na kuletwa hapa kambini. Wasichana huuliza, na wavulana wenye chunusi huuliza pia. Chupa zimeandikwa Glycolic Acid, na chini yake pana nambari: 5, 7, 10, pengine 30, hata 70. Je, ni dawa au ni sumu? Nimeona yafaa nijibu katika gazeti letu, ili wasome wanafunzi, na pia ndugu zetu waliokwisha maliza shule, ambao wengi wao sasa ni wazazi na baadhi yao wana maduka.

1. Asidi hii ni nini?

Asidi ya glikoliki hupatikana katika maji ya muwa, ingawa ile ya chupani siku hizi hutengenezwa kiwandani. Ni ndugu wa asidi iliyomo katika maziwa yaliyoganda. Molekuli yake ina atomi mbili tu za kaboni, na kwa udogo huo hupenya ngozi upesi kuliko ndugu zake.

Ngozi yetu ya juu kabisa ni tabaka la seli zilizokufa, zilizoshikana kama matofali ya ukuta. Kila siku baadhi huanguka, na mpya hupanda kutoka chini. Safari hiyo huchukua kama wiki nne. Asidi hii hulegeza kile kinachoshikanisha matofali, na zile seli kuukuu huanguka mapema. Ndiyo sababu uso huwa laini, vitundu vya ngozi havizibi upesi, na madoa ya chunusi hufifia pole pole.

Lakini ifahamike vema: haibadilishi rangi aliyozaliwa nayo mtu. Anayeinunua ili awe mweupe ametupa fedha yake.

2. Nambari mbili, si moja

Watu wengi hutazama asilimia peke yake. Mwanafunzi wa kemia lazima aulize na nambari ya pili, yaani pH. Mwakumbuka kwamba pH ikishuka kwa hatua moja, ukali huzidi mara 10. Ngozi yenyewe ina pH ya 5 hivi.

Mwaka 1998 jopo la wataalamu wa Marekani wanaopima usalama wa vipodozi lilitoa kipimo ambacho hata leo hutumika sana: katika kipodozi cha nyumbani, asidi hii isizidi asilimia 10, na pH isiwe chini ya 3.5. Ya asilimia 30 ni ya mtu aliyefunzwa kazi hiyo, tena hupakwa kwa muda mfupi na kuoshwa mara. Ya 70 ni kazi ya daktari wa ngozi.

Sasa tufanye hesabu. Mtu anayo chupa ya asilimia 70. Anasema, "Nitazimua: sehemu moja ya asidi, sehemu tisa za maji, nipate asilimia 7." Hesabu yake ni sahihi, lakini kemia yake ina kasoro. Mchanganyiko huo wa asidi na maji matupu una pH karibu 2. Kutoka 3.5 mpaka 2 ni hatua moja na nusu, maana yake ukali umezidi zaidi ya mara 30. Kiwandani huongeza alkali kwa kipimo, wakipima pH mpaka ifike mahali pake. Sisi jikoni hatuna chombo cha kupimia.

Jambo hili nimeliona kwa macho. Binti wa jirani yangu alikuwa karibu kuolewa. Muuzaji mmoja alimpa kichupa cha asidi kali, akamwambia azimue mwenyewe, kazi itakwisha upesi kabla ya arusi. Alipaka jioni, akalala nayo. Asubuhi mashavu yalikuwa yamechubuka na kuvimba. Vidonda vilipona, lakini viliacha mabaka meusi kuliko yale madoa aliyotaka kuyaondoa, na yalikaa miezi mingi. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, nayo ikiunguzwa hujibu kwa kutoa melanini zaidi. Kwa hiyo sisi ndio wenye sababu kubwa ya kwenda pole pole.

3. Jua letu

Nakivale ipo kusini ya Ikweta kwa kiasi kisichofika digrii moja, na juu ya usawa wa bahari kupita mita 1,200. Mbarara ni juu zaidi. Adhuhuri jua huwa karibu ya utosi, na hewa ya juu hukinga kidogo kuliko ile ya pwani.

Wamarekani walifanya jaribio: watu walipakwa asidi hii ya asilimia 10 kwa wiki nne. Ngozi yao ikawa nyepesi kuungua kwa mionzi ya jua kwa kiasi cha asilimia 18. Walipoacha, katika wiki moja ngozi ilirudia hali yake. Basi anayelima, anayechota maji, au anayesimama foleni ya chakula tangu asubuhi, ajue kwamba asidi bila kofia ni hasara.

4. Jinsi ya kuitumia

Mwenye ngozi nzuri hana haja nayo. Maji, sabuni ya kawaida na mafuta ya kujipaka vyatosha. Anayeihitaji afuate hivi:

(a) Asome lebo. Kama hakuna asilimia, jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho, asinunue. Asinunue kamwe iliyomiminwa katika chupa nyingine.
(b) Aanze na asilimia 5. Apake kidogo ndani ya mkono, karibu na kiwiko, angoje siku mbili. Pakiwasha na kuvimba, aache.
(c) Apake usiku, uso ukiwa mkavu, mara mbili tu kwa wiki. Asikaribie macho, midomo, kidonda, wala mahali aliponyoa siku hiyo.
(d) Juu yake apake mafuta laini. Asichanganye na dawa nyingine ya chunusi usiku ule ule.
(e) Asubuhi avae kofia pana, au ajifunike kitenge au mwavuli, na akiweza apake mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi.

Kuchomwa kidogo kwa dakika moja mbili ni kawaida. Maumivu yakizidi, aoshe kwa maji safi mengi ya baridi, kwa muda wa dakika 20, bila kusugua. Asipake ndimu wala dawa ya meno. Ikiingia jichoni, aoshe vivyo hivyo, kisha aende kwa mganga wa zahanati mara moja.

5. Vitu vya kuepuka kabisa

Wengine husema, "Mimi natumia ndimu, ni kitu cha shambani." Ndimu ina pH ya 2 hivi, tena ina kitu kinachounguza ngozi kikipigwa na jua.

Hatari kubwa kupita zote ni mkorogo. Humo hutiwa zebaki, inayoharibu figo. Haidrokwinoni, ambayo ikitumika miaka mingi huifanya ngozi kuwa ya bluu na nyeusi, kama madaktari wa Afrika Kusini walivyoeleza mwaka 1975. Na steroidi kali, inayokondesha ngozi mpaka mishipa ionekane. Uganda imekataza zebaki na haidrokwinoni katika vipodozi, lakini mikebe hupita mipakani. Mwenye duka aliyesoma shule yetu asingoje kukamatwa ndipo aiondoe rafuni.

Ngozi ni nguo moja tuliyopewa, haina fundi wa kushona nyingine. Haraka haraka haina baraka.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini asidi ya asilimia 7 iliyozimuliwa nyumbani yaweza kuwa kali kuliko ya asilimia 10 ya kiwandani?
2. pH ikishuka kutoka 5 mpaka 3, ukali umezidi mara ngapi?
3. Rafiki yako amejipaka asidi na uso unamwuma sana. Taja mambo mawili ya kufanya na mawili ya kutofanya.