Sauti Inachelewa Kwenye Hedifoni

*Nilizoea kurekodi gitaa na sauti kwa kinasa sauti cha treki nane. Sasa nimehamia kwenye kompyuta, lakini nikiimba najisikia nikichelewa kwenye hedifoni. Je, nirudi nilikotoka? Msomaji, Morogoro*

Usirudi, ndugu msomaji. Kuchelewa huko kunarekebishika. Kinasa sauti kilitengenezwa kwa kazi moja tu. Kompyuta hufanya mengi kwa pamoja, hivyo hukusanya sauti mafungu mafungu kabla ya kuichakata. Fungu hilo huitwa bafa. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 huchelewesha sauti takriban milisekunde 23 ikiingia na nyingine 23 ikitoka. Ya sampuli 128 huchelewesha kama 3 tu kila upande. Basi unaporekodi, weka 128. Unapochanganya treki, iongeze ili kompyuta isielemewe. Bora zaidi, tumia saundi kadi ya nje inayopeleka sauti yako kwenye hedifoni moja kwa moja, kisha zima usikilizaji wa ndani ya programu usije ukajisikia mara mbili.

Utasema kinasa sauti hakigandi ovyo. Ni hoja ya haki, na kwa kurekodi safarini bado kinafaa, kwa hiyo usikiuze. Lakini kompyuta hukuruhusu kukata neno lililokosewa, kurejesha ulichofuta na kuongeza treki zaidi ya nane. Hofu ya kupoteza kazi huondolewa na nakala kwenye diski ya pili. Sauti ikikatika hata kwa bafa kubwa, weka draiva mpya ya saundi kadi; isiposaidia, mwone fundi.