Kabla ya Kuchangia Kompyuta Nyingine

Kila darsa la mtandaoni linapokwama ukumbini, hukumu hutoka upesi: intaneti mbovu, au kompyuta imezeeka, tuchange tununue nyingine. Michango ya wanafunzi ni amana, na naona hukumu hiyo hutolewa bila ushahidi. Ushahidi upo, na kuupata ni kazi ya dakika mbili.

Video ya YouTube ikiwa inacheza, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha fungua takwimu zake, mwishoni mwa orodha. Tazama mambo mawili. La kwanza ni akiba, yaani sekunde za video zilizokwisha kupakuliwa zikisubiri kuonyeshwa. Ikishuka hadi sifuri, tatizo ni intaneti. La pili ni fremu zilizoachwa. Akiba ikiwa nzuri huku fremu zinazoachwa zikizidi kuongezeka, intaneti haina hatia. Kompyuta ndiyo inayoelemewa.

Inaelemewa na nini? Video husafirishwa ikiwa imebanwa, na YouTube hupenda kuibana kwa VP9 au AV1. Chipu ya picha isiyojua mitindo hiyo huiachia prosesa mzigo wote: feni inavuma, picha inakatakata, sauti inaendelea kama kawaida. Kwa kompyuta nyingi za Intel, uwezo kamili wa kufungua VP9 ulikuja na kizazi cha 7, na wa AV1 na kizazi cha 11. Lakini ya kizazi cha 4 haijafa. Weka kwenye kivinjari nyongeza iitwayo h264ify, nayo YouTube italeta H.264, ambayo hata kompyuta ya 2012 huifungua bila jasho. Utaishia 1080p, utakosa 4K; nani anahitaji 4K kumwona ustadhi na ubao wake?

Projekta ina mambo yake. Ya kwetu ina tundu la VGA tu, na kompyuta inatoa HDMI. Waya mtupu hautoshi, kwa kuwa HDMI ni ya kidijitali na VGA ni ya analogi. Panahitajika kigeuzi chenye chipu ndani. Kompyuta mpya yenye HDMI peke yake ingekwama palepale. VGA pia haibebi sauti, hivyo spika zichomekwe kwenye kompyuta yenyewe. Huduma za filamu za kulipia zinaweza kukuonyesha giza tupu, maana VGA haina HDCP, ule ulinzi wa kuzuia kunakili. Video za darsa zilizo wazi kwa wote hazina kikwazo hicho.