Kutembea Tena Baada ya Kiharusi

Tuanze na hatua moja. Mtu aliyesimama wima akitaka kwenda mbele, kwanza huhamishia uzito wake kwenye mguu mmoja, tuseme wa kushoto. Wa kulia ukishakuwa mwepesi, nyonga huuinua, goti hukunjika, kifundo hunyanyua vidole visikwaruze ardhi, kisha kisigino hutua mbele. Hapo uzito hupokewa na mguu wa kulia, na wa kushoto huanza zamu yake. Kutembea, basi, kunadai mambo mawili: mguu uweze kuubeba mwili peke yake kwa muda mfupi, na uweze kujirusha mbele bila kukwama.

Amri ya kufanya hayo hutoka kwenye ubongo. Hupita katika neva, yaani nyuzi zinazobeba taarifa mwilini, ikashuka ndani ya uti wa mgongo hadi kwenye misuli. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo huvuka pale ubongo unapokutana na uti wa mgongo: za kulia huenda kushoto, na za kushoto huenda kulia. Kwa hiyo ubongo ukiumia upande wa kushoto, mguu unaolegea ni wa kulia.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna akiba. Kiharusi ni pale mshipa wa damu wa ubongo unapozibwa na donge, au unapopasuka. Seli zilizokosa damu huanza kufa katika dakika chache. Hapa pana jambo ambalo familia nyingi hazielezwi: mguu wenyewe haukuugua. Msuli upo na mfupa upo. Kilichokatika ni amri. Ndiyo maana kuuchua mguu kwa mafuta, ingawa humfariji mgonjwa, peke yake hakumrudishii mwendo.

Seli zilizokufa hazirudi. Lakini jirani zake, zilizozimia kwa sababu ya uvimbe, huweza kuamka, na seli nzima huweza kujifunza kazi za zile zilizopotea. Muunganiko kati ya seli huimarika kadiri unavyotumika na hudhoofika usipotumika. Tena huimarika kwa kitendo kilekile kinachorudiwa. Anayeinua mguu kitandani hujifunza zaidi kuinua mguu akiwa amelala; kusimama hufunzwa kwa kusimama.

Chukua zoezi la kunyanyuka kwenye kiti. Mgonjwa asogee ukingoni mwa kiti imara chenye kimo, arudishe nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainame mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, ndipo asimame. Wengi huubebesha uzito wote mguu mzima, na ule mdhaifu ukabaki pambo. Ukiurudisha wayo wa mguu mdhaifu nyuma kidogo kuliko mwenzake, mguu huo hulazimika kufanya kazi. Akizoea, atafutiwe kiti kifupi zaidi. Msaidizi akae upande mdhaifu wala asimvute kwa mkono uliopooza, kwa kuwa misuli inayolishika bega imelegea na kiungo huteguka kwa urahisi.

Kisha itazamwe ndala ya mguu mdhaifu. Ikiwa imelika kwenye ncha, vidole havinyanyuki na mguu unaburuzwa. Mtu huyo huweza kujikwaa hata kwenye ukingo wa mkeka. Avae kiatu chenye kamba ya kisigino, na mtaalamu wa fiziotherapia aulizwe kuhusu kifaa cha kuushikilia wayo. Fimbo hushikwa kwa mkono wa upande mzima.

Je, mashine ni lazima? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulifuatilia watu 408. Baadhi walitembea juu ya mkanda unaozunguka huku miili ikishikiliwa kwa mishipi, wengine wakianza mwezi wa pili baada ya kiharusi, wengine mwezi wa sita. Waliobaki walifanya mazoezi ya nguvu na ya kusawazisha mwili nyumbani, wakiongozwa na mtaalamu. Baada ya mwaka, makundi yote yalikuwa yamepiga hatua sawa, hata lile lililochelewa. Kwa familia isiyo na hospitali kubwa karibu, naona hii ni habari njema sana. Haraka nayo ina mpaka: utafiti mwingine wa mwaka 2015, wenye wagonjwa 2,104, ulionyesha kwamba kumtoa mgonjwa kitandani mara nyingi kuanzia saa 24 za kwanza kulipunguza uwezekano wa kupona vizuri. Daktari ndiye apange siku ya kuanza na kipimo chake.

Maendeleo hupimwa uani. Pima mita 10 kwenye ardhi tambarare, weka alama mwanzo na mwisho, mgonjwa atembee kwa mwendo wake wa kawaida huku msaidizi akimfuata upande mdhaifu, nyuma kidogo. Hesabu sekunde, uziandike kwenye kalenda kila wiki. Zikizidi 25, huo bado ni mwendo wa ndani ya nyumba. Zikishuka hadi 12, mwendo wake unamtosha kwenda dukani na kurudi.