Dhoruba na Matabaka ya Maji: Maswali na Majibu kutoka Ziwa Mweru hadi Bahari ya Barafu

Maji ya ziwa au bahari mara nyingi hulala kwa matabaka: mepesi juu, mazito chini. Dhoruba hujaribu kuyachanganya, na kama itafaulu au la hutegemea mambo mawili: kina cha maji, na kile kinacholizuia tabaka la juu lisichangamane na la chini. Katika Ziwa Mweru, kati ya Zambia na Kongo, kuanzia Nchelenge na Kashikishi hadi nchi ya Puta kaskazini, karibu na mpaka wa Kongo, kizuizi ni joto peke yake, nalo ni kizuizi dhaifu. Katika bahari za ncha za dunia kizuizi ni chumvi, na juu yake kuna kifuniko cha barafu.

Upepo huyashikaje maji?

Kwa njia mbili. Ya kwanza ni msuguano: hewa inayopita huyaburura maji ya juu na kuyasukuma mbele. Nguvu hiyo haiongezeki sawasawa na mwendo wa upepo. Upepo ukivuma kwa mwendo maradufu, huyasukuma maji kwa nguvu mara nne, na ndiyo sababu saa mbili za dhoruba zinaweza kufanya kazi isiyofanywa na upepo mwanana wa juma zima.

Njia ya pili ni mawimbi. Wimbi linapopita, maji yaliyo chini yake huzunguka mduara, na miduara hiyo hupungua kadiri kina kinavyoongezeka, hadi kwenye kina cha nusu ya urefu wa wimbi, ambako karibu kila kitu kimetulia. Wimbi linalopita kila baada ya sekunde nne lina urefu wa mita 25 hivi kutoka mgongo hadi mgongo. Mtikisiko wake basi hufika mita 12. Wastani wa kina cha Mweru ni mita 8 hivi. Sehemu yenye kina zaidi iko kaskazini-mashariki, na hata hapo haifiki mita 40. Kwa hiyo mawimbi ya dhoruba moja tu yanatosha kugusa sakafu ya sehemu kubwa ya ziwa, hasa kusini, ambako mto Luapula huingia ukitoka kwenye vinamasi vyake. Tope huinuka pamoja na rutuba iliyokuwa imetua. Penye matete na mafunjo mengi hali ni nyingine, kwa sababu mashina hayo huyavunja mawimbi nguvu kabla hayajafika ndani.

Dhoruba za Mweru huja wakati gani?

Kuna misimu miwili, na tabia zake hazifanani. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Agosti au Septemba, huvuma upepo wa kusini-mashariki, ule unaoitwa kusi pwani na kwenye Ziwa Tanganyika. Huo ni upepo wa kuaminika, hudumu siku nyingi. Kwa kuwa hutoka nchi kavu ya upande wa Zambia, huanza safari yake ya majini hapo hapo ufuoni, na mawimbi hukua kadiri upepo unavyopata nafasi ya kukimbia. Mtu aliyesimama ufuoni Nchelenge asubuhi ya Juni anaweza kuona maji ya karibu yametulia akadhani ziwa zima liko hivyo. Atakuwa amekosea. Ng'ambo ya Kongo, baada ya kilomita 40 au 50 za maji matupu, mawimbi ni mengine kabisa.

Masika ya huku, kuanzia Novemba hadi Aprili, huleta dhoruba za radi. Ndani ya wingu la radi, mvua inayoanguka hupoza hewa. Hewa baridi ni nzito, huporomoka hadi juu ya ziwa na kutawanyika pande zote. Huo ndio upepo wa ghafla unaotangulia mvua, wenye ubaridi unaosikika usoni, na haufuati mwelekeo wa kusi wala mwingine wowote uliozoeleka. Kwenye maji ya kina kifupi mawimbi yake huwa mafupi na yamesimama wima, na kwa mtumbwi haya ni mabaya kuliko mawimbi marefu ya baharini. Marufuku ya uvuvi nchini Zambia, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, huangukia katikati ya msimu huo, ingawa iliwekwa ili samaki wapate kuzaliana na si kwa ajili ya dhoruba.

Je, upepo unaweza kuhamisha ziwa zima?

Unaweza kuliinamisha. Maji yanayosukumwa hujikusanya mwisho wa safari, upande mmoja ukapanda na mwingine ukashuka. Hesabu rahisi kwa ziwa lenye urefu wa kilomita 120 na kina cha mita 8 inaonyesha kwamba upepo wa mita 10 kwa sekunde, ukivuma kwa urefu wote bila kukoma, huleta tofauti ya robo mita hivi kati ya ncha mbili. Katika ziwa lenye kina kirefu sana tofauti hiyo ingekuwa ya kuhesabiwa kwa milimita, kwa sababu maji hupata nafasi ya kurudi kwa chini. Upepo unapokatika ghafla, ziwa huanza kuyumba kama maji ndani ya karai lililobebwa, kwenda na kurudi. Kwa vipimo vya Mweru myumbo mmoja ungechukua saa saba au nane. Kupanda kwa maji kusikofuata mvua mara nyingi kuna asili hiyo.

Kwa nini Ziwa Tanganyika, lililo jirani, halichanganyiki hadi chini?

Kwa sababu ya kina. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, ya pili duniani baada ya Baikal, na hakuna dhoruba inayofika huko. Maji ya juu yana nyuzi 25 hadi 28 za Selsiasi, ya chini 23 na kidogo. Tofauti inaonekana ndogo, lakini inatosha kuyatenganisha: chini ya mita 100 upande wa kaskazini, na mita 200 upande wa kusini, hakuna oksijeni.

Hata hivyo kusi hufanya kazi kubwa pale. Huyasukuma maji ya uvuguvugu kuelekea kaskazini, upande wa Bujumbura, na kwenye ncha ya kusini, kwa Mpulungu, maji baridi yenye rutuba hupanda kujaza pengo. Vijimea hustawi, na nyuma yake dagaa, ambao nchini Zambia huitwa kapenta. Upepo ukilegea mnamo Septemba, mpaka kati ya matabaka hubaki ukiyumba kule chini kwa mizunguko ya karibu mwezi mmoja mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kadiri maji ya juu yanavyozidi kupata joto, upepo unashindwa zaidi kuyachanganya, na chakula cha samaki kinapungua.

Chumvi inaingiaje katika habari hii?

Chumvi huyafanya maji kuwa mazito, na kwa nguvu kuliko watu wengi wanavyodhani. Katika joto la maziwa ya Afrika ya Mashariki, gramu moja ya chumvi katika kila kilo ya maji hubadili uzito wake kama vile kupoza maji hayo kwa nyuzi tatu.

Mfano bora ni Ziwa Kivu, kati ya Kongo na Rwanda, lenye kina cha mita 485. Maji yake ya chini ni ya moto kuliko yale yaliyo juu yake, jambo ambalo kwa kawaida lingeyafanya yapande. Hayapandi, kwa kuwa yana chumvi nyingi zaidi, iliyoletwa na chemchemi za chini ya ziwa. Upepo wa kiangazi huchanganya mita 60 hivi za juu, basi. Chini yake gesi za kaboni dioksidi na methani zimelala kwa wingi. Mnamo Januari 2002 lava ya volkeno ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma ikaingia ziwani, na matabaka hayo hayakupinduka.

Mweru Wantipa, mashariki ya Mweru, ni kisa tofauti. Halina njia ya kudumu ya kutoa maji, hivyo jua huyakausha maji na kuacha chumvi nyuma. Lakini ni ziwa la kina kifupi mno. Upepo huyakoroga yote pamoja na tope ambalo limelipa jina.

Na bahari ya barafu?

Ni Kivu iliyofunikwa. Maji yanapokaribia kuganda, joto karibu halibadili tena uzito wake. Chumvi ndiyo inayotawala. Kwenye Bahari ya Aktiki, maji baridi yenye chumvi kidogo, yatokayo kwenye mito mikubwa ya Siberia na Kanada na kwenye barafu iliyoyeyuka, huelea juu ya maji ya Atlantiki yenye uvuguvugu na chumvi nyingi. Joto la kutosha kuyeyusha barafu nyingi limelala hapo chini, na tabaka la chumvi ndilo linalolizuia.

Maji ya bahari huganda kwenye nyuzi 1.8 chini ya sifuri. Yanapoganda, barafu huitema chumvi. Maji makali ya chumvi hudondoka chini na kuyakoroga yaliyo karibu.

Dhoruba inapofika, matokeo hutegemea msimu. Kipupwe, upepo hupasua barafu na kufungua mianya. Hewa ya nyuzi 30 chini ya sifuri hukutana na maji wazi, barafu mpya huganda upesi, na chumvi zaidi hutemwa. Katika Ghuba ya Terra Nova, Antaktika, upepo mzito unaoshuka kutoka bara huisukuma barafu kila inapoumbika, na mahali pale pamekuwa kiwanda: maji yake ya chumvi ni mazito kiasi cha kuzama hadi sakafu ya bahari kuu. Lakini dhoruba hiyo hiyo ya kipupwe huleta theluji, na theluji ni blanketi. Barafu iliyo chini yake hukua polepole. Kiangazi, mawimbi huvunja mabamba makubwa kuwa vipande, vipande huyeyuka kwa pembeni, na mkorogo huinua joto kutoka chini.

Dhoruba moja inaweza kumaliza barafu?

Mapema Agosti 2012 dhoruba iliyozaliwa Siberia iliingia Aktiki, na mgandamizo wa hewa katikati yake ukashuka hadi hektopaskali 966. Septemba barafu ilipungua hadi kilomita za mraba milioni 3.4, kiwango cha chini kuliko vyote tangu setilaiti zianze kupima mwaka 1979. Dhoruba ikabebeshwa lawama yote. Hesabu za kompyuta zilizofuata zilionyesha kwamba rekodi ingevunjika hata bila dhoruba hiyo: barafu ilikuwa tayari imekonda. Barafu nene ya miaka mingi ingestahimili.

Barafu hufuata upepo?

Si moja kwa moja. Meli ya Fram ya mpelelezi Fridtjof Nansen, iliyoachwa ikwame katika barafu kuanzia 1893 hadi 1896, ilionyesha kwamba barafu huenda nyuzi 20 hadi 40 kulia kwa upepo. Mwanasayansi Vagn Walfrid Ekman alieleza sababu mwaka 1905: ni mzunguko wa dunia. Kusini mwa dunia barafu huenda kushoto. Mweru, kwenye latitudo ya 9 kusini, hupatwa na athari hiyo kwa udhaifu sana.

Maji ya Mweru hukutana na bahari ya chumvi mahali popote?

Hukutana, ila si karibu na ncha za dunia. Hutoka Pweto kwa mto Luvua, huingia Lualaba, na kwa Mto Kongo hufika Atlantiki. Huko maji matamu ya Kongo huelea juu ya bahari kama utando mpana, na upepo wa pwani ndio unaoamua jinsi utakavyotawanyika kabla haujachangamana na chumvi.