Dawa za Kisuna Kariakoo: Nani anapima kilichomo ndani ya kopo?

Ndugu msomaji, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Mama yangu ana maradhi ya sukari, na magoti yanamsumbua. Siku moja nikitoka kusomesha nilipita duka moja la dawa za Kisuna pale Kariakoo nikamnunulia kopo la unga wa magoti. Juu yake pameandikwa Bismillah, pana picha ya mtende na maneno "mitishamba asilia". Sikuuliza kitu. Nilimuona muuzaji ana kanzu na alama ya sijda, nikatoa pesa. Baada ya siku tatu mama akapanda ngazi mwenyewe, tukamshukuru Allah. Wiki ya nne uso umemvimba na sukari imepanda vibaya, tukamkimbiza hospitali. Daktari akauliza: anatumia dawa gani nyingine? Akaeleza kuwa zipo poda za viungo zinazochanganywa kwa siri na dawa za kizungu aina ya steroidi, ambazo hutuliza maumivu upesi lakini hupandisha sukari. Kama ndivyo ilivyokuwa kwa mama siwezi kuapa, kwani kopo lilikwishatupwa. Ninachoweza kuapa ni kwamba mimi, mwalimu wa dini mwenye shahada, nilimlisha mzazi wangu kitu nisichokijua.

Asije mtu akasema ninapinga tiba ya Mtume (SAW). Hadithi ya habat soda imo katika Sahihi Bukhari na tunaiamini. Lakini hadithi inazungumzia habat soda, haimdhamini aliyeijaza chupa.

Chukua sanamaki. Hospitali ina vidonge vya mmea huo huo, na kila kidonge kina kiasi maalumu cha senosidi, ile kemikali inayofungua choo. Vipo vya miligramu 7.5. Kariakoo unapewa fungu na kuambiwa "chemsha kiasi". Kiasi gani? Jani la shamba hili si sawa na la shamba lile, la mwaka huu si sawa na lililokaa guniani miaka mitatu likipigwa na unyevu. Mwenye kuzidisha kwa muda mrefu hupoteza madini ya potasiamu, na moyo unaweza kwenda mrama.

Na zile za "heshima ya ndoa" ndiyo usiseme. Mamlaka za dawa za nchi nyingi, Marekani ikiwemo, zimekamata mara kwa mara bidhaa zinazoitwa za asili zikiwa na sildenafili, yaani dawa iliyomo ndani ya Viagra. Mzee anayetumia dawa za moyo aina ya naitreti akinywa hiyo, presha yaweza kuporomoka akafa.

Wazee wetu katika Uislamu hawakuliacha jambo hili kwa nia njema ya muuzaji. Mtume (SAW) alitia mkono ndani ya lundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa, akamkana mwenye kughushi. Na imepokewa kwa Abu Dawud kwamba anayetibu naye hajulikani kwa utabibu, anabeba dhamana ya madhara. Katika karne ya 12 kule Sham, al-Shayzari aliandika kitabu cha kumuongoza muhtasibu, msimamizi wa soko, akaeleza namna wauza dawa wanavyoghushi na namna ya kuwagundua. Nyingine alizinyamazia, akihofia wasio na dini wasije wakajifunza humo!

Sisi sheria tunayo, Namba 23 ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa. Mkemia Mkuu wa Serikali anayo maabara. Pale Muhimbili ipo Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza kama kitengo mwaka 1974. Wauzaji wanalalamika kuwa usajili una gharama na mizunguko, na katika hilo wana haki ya kusikilizwa. Lakini wale wanaosema kupimwa ni vita dhidi ya Sunna, hao siwaelewi. Nyama tunauliza imechinjwa na nani. Dawa kwa nini tusiulize imesajiliwa kwa namba gani, imefungwa lini, ina mmea gani?

Jumamosi nilirudi kwenye lile duka nikauliza unga ule unatengenezwa wapi. Muuzaji hakuficha, kwani hakuona ubaya wake: unaletwa na kijana wa bodaboda katika mfuko wa kilo tano, lebo wanachapisha wenyewe mtaa wa pili. Nikamuomba kopo moja, nikamwambia nalipeleka kupimwa. Alikuwa ameshalishika mkononi. Akalirudisha kabatini.