Ua la Alizeti si Nembo Yako

Fika Nduguti, Singida, msimu wa alizeti, uangalie mafuta yaliyopangwa mezani barabarani: chupa za lita moja, madumu ya lita tano na ya ishirini. Soma lebo. Hii ina ua la njano lenye majani mawili ya kijani. Ile pia. Ya tatu ina maua mawili. Ukiyafunika majina kwa kiganja hujui nani kakamua nini, na mteja wa Dodoma aliyeyapenda mafuta yako mwaka jana atabeba ya jirani akidhani ni yako.

Hapo hakuna aliyeiba cha mwenzake. Ua la alizeti linaeleza tu kilichomo ndani ya chupa, kwa hiyo ni la kila mwenye mashine ya kukamua. Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 inataka alama itofautishe bidhaa ya mtu mmoja na ya mwingine. Picha ya bidhaa yenyewe, neno kama "Safi" au "Asilia", au jina la mahali kama Singida, vikiwa peke yake haviiwezi kazi hiyo. Ua liweke kwenye lebo ukipenda. Usitarajie tu kumzuia mwenzako naye asiliweke.

Nembo yenye nguvu hutafutwa mbali na bidhaa. Tazama saruji: ya Wazo Hill ikaitwa Twiga, ya Tanga Simba, ya Mbeya Tembo. Mnyama na saruji wapi na wapi? Ndiyo maana fundi akisema "nipe Twiga mifuko kumi" muuzaji haulizi mara mbili. Twiga huyohuyo yuko kwenye ndege za Air Tanzania, Simba yuko kwenye jezi za klabu ya soka ya Msimbazi, na hakuna anayechanganya mpira na saruji. Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma, nayo yapo 45. Mafuta ya kula yamo daraja la 29, asali la 30, mashudu ya kulishia mifugo la 31. Ukiuza mafuta na mashudu, hayo ni madaraja mawili.

Ndani ya daraja moja mambo hubana. Wengi hudhani wakibadilisha rangi, au wakimgeuza mnyama atazame kushoto badala ya kulia, wameshasalimika. Mnunuzi hashiki chupa mbili kuzilinganisha. Anakuja na kumbukumbu ya mwezi uliopita, kumbukumbu yenyewe nusunusu, na huyo ndiye kipimo: akiona alama yako, je, atadhani ni ile nyingine?

Kwa hiyo anza na penseli, simu kaa nayo mbali. Ukiingia steshenari na kusema "nitafutie logo nzuri ya mafuta", kijana atafungua Google au Canva, na dakika kumi baadaye unatoka na mchoro ambao watu mia wanao. Canva wenyewe hawaruhusu michoro ya ghala lao isajiliwe kuwa alama ya biashara ya mtu. Mchoro wa Google, nao una mwenyewe. Chora unachokijua: mbuyu unaoonekana toka mashineni kwako, kigoda cha bibi, alama uliyokuwa ukiwapiga ng'ombe wenu. Tia tarehe kwenye kila karatasi na uzihifadhi, hata zile mbaya. Ukimpa mchoraji amalizie, muandikishiane kwamba haki za mchoro zinahamia kwako. Risiti ya malipo peke yake haisemi hivyo.

Ukishachora, mwoneshe mtu mchoro kwa muda wa kuhesabu hadi tano, ufunike, kisha umuulize ameona nini. Rudia kwa watu watatu wasiojuana. Wawili wakijibu "kama ile ya fulani", chana. Halafu toa fotokopi nyeusi na nyeupe, kwa ukubwa wa kizibo cha chupa. Kama haisomeki hapo, kwenye muhuri na kwenye gunia haitasomeka pia.

Yapo ya kutogusa kabisa: ngao ya taifa, bendera, alama ya ubora ya Shirika la Viwango (TBS) kama hujapewa leseni yake, na msalaba mwekundu. Huo wa mwisho tunauona kwenye mabango ya maduka ya dawa kila mji, lakini unalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, wala si alama ya dawa.

Usajili uko BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwa mtandao, na ombi la kwanza liwe la upekuzi, kujua kama kuna alama inayofanana na yako. Hapa wengi huteleza: wana cheti cha jina la biashara, wanadhani nembo imo humo. Haimo. Hayo ni maombi mawili, chini ya sheria mbili. Ombi la alama likikubaliwa hutangazwa kwenye jarida rasmi, na mwenye pingamizi ana siku 60. Pingamizi hufanya kazi: kampuni moja ya Uingereza iliwahi kuomba neno "Kikoy" liwe lake huko kwao, Wakenya wakapinga, na ombi halikufika popote.

Usajili hudumu miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kila miaka 10. Aliyeomba mwaka 2019 muda wake unaisha 2026. Na cheti cha BRELA kinaishia Tanzania Bara. Mafuta yakivuka kwenda Unguja, ombi jipya linapelekwa BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar.