Fuwele za Perovskaiti Zinazostahimili Mwanga

Mwaka 2015 kundi la mkemia Maksym Kovalenko kule Zürich lilitangaza fuwele nano za perovskaiti ya sesiamu, risasi na bromini zinazotoa kijani kikali cha kupendeza. Ukiziacha chini ya taa, hata hivyo, mng'ao hufifia, fuwele hushikamana zikawa kubwa, na mwisho hutuama chini ya chupa. Kijana wa Nyarugusu, eneo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, unayesoma kemia chuoni, tatizo hilo litibu ndani ya chombo cha kupikia. Kuzifunika kwa plastiki baadaye kunasaidia, ila hakuzibi mapengo ambayo fuwele imezaliwa nayo usoni.

Kwa njia iliyozoeleka, bromaidi ya risasi huyeyushwa katika oktadeseni pamoja na asidi ya oleiki na oleilamini, kisha oleati ya sesiamu hudungwa kwenye nyuzijoto 140 hadi 200. Baada ya sekunde chache chombo hutumbukizwa kwenye barafu. Chumvi hiyo ya risasi huleta bromini 2 kwa kila risasi 1, ilhali fuwele inataka 3. Kwa hiyo tenganisha vyanzo: risasi itoke kwenye asetati yake, bromini itoke kwenye bromaidi ya benzoili, nawe uizidishe kidogo.

Asidi na amini zenyewe, zinazofunika uso wa fuwele, ni walinzi wasiotulia. Hupokezana protoni, kisha hubanduka, na mwanga huharakisha kubanduka huko. Weka mahali pao bromaidi ya didodesili-dimethili-amoniamu. Haina protoni ya kutoa, na huja na bromini yake.

Kuosha nako huweza kuharibu kazi nzuri. Methanoli na asetoni huung'oa ulinzi wote. Tumia asetati ya ethili, kidogo kidogo, na usirudierudie. Ukitafuta rangi nyekundu, usichanganye bromini na iodini ukitarajia uthabiti, kwa kuwa mwanga wenyewe huzitenganisha ndani ya fuwele.

Unapopima, chupa moja iwe chini ya taa na nyingine gizani, zote kwenye joto lilelile. Bila chupa ya gizani utaulaumu mwanga kwa kosa la joto. Jaribu pia ndani ya naitrojeni, ujue hewa ina mchango gani.

Halafu kuna risasi. Huko Nyarugusu wachimbaji wadogo wamechoma dhahabu yenye zebaki hadharani miaka mingi, na moshi wake umevutwa na watu wasioshika hata karai. Risasi nayo ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Vaa glavu, fanyia kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa, na maji yote ya kuoshea yaweke kwenye chupa yenye kifuniko na lebo, yakabidhiwe kwa msimamizi wa maabara. Usimwage hata tone kwenye sinki.